Mbu wa Nyumba Namba Kumi na Moja

Kibaoni, Jumapili jioni

Mwanangu Fortunata,

Marahaba. Najua ukiifungua barua hii utaniamkia hata kama tuko mbali, ndivyo ulivyo, kwa hiyo nimeitikia kabisa. Ninapoandika hapa wewe umekwenda kuwaaga wenzako na umesema utarudi saa mbili. Nimekaa kwenye meza ya chakula na ile kalamu yako ya bluu, mlango nimeurudishia ili jirani asinikute naandika akaanza kuuliza maswali. Unajua habari zangu na kalamu. Darasa la saba la zamani, na mwaka wa mwisho nilikuwa shambani zaidi kuliko darasani. Ukikuta nimekosea, soma tu, usisahihishe.

Mambo ya sweta na upepo wa Dodoma, ya kupiga simu ukifika, ya kusali, tumeyasema wiki nzima mpaka umechoka. Jana ulisema, "Mama, nina miaka ishirini na saba." Nimesikia. Hayo siyaandiki. Naandika jambo moja ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza simu yako iliita. Mara ya pili na ya tatu hakuna kilichoita, niliogopa tu.

Linahusu kazi unayokwenda kuifanya.

Unakumbuka ulipopata barua ya kazi nilikuuliza ni kazi gani, ukasema bibliometriki. Neno hilo nimeliandika kwa kulitazama kwenye barua yako, herufi moja moja. Nikakuambia, hebu niambie kwa maneno ya jikoni. Tulikuwa tunachambua mchele, wewe na ungo wako mimi na ungo wangu. Ukasema ni kuhesabu maandishi ya watafiti, na kuhesabu ni mara ngapi wenzao wameyataja kwenye maandishi yao, halafu kwa hesabu hizo kujua utafiti gani una maana na nani asaidiwe aendelee.

Nikakuuliza nani aliwaza jambo hilo, na hapo ukawa mwalimu. Ulisema mwanzo wake ni watu wa maktaba, kama wewe. Majarida ya sayansi yalikuwa mengi na makabati machache, wakawa hawajui wanunue lipi waache lipi. Wakaangalia mwisho wa kila makala, pale mwandishi anapoorodhesha kazi za wenzake alizotumia, wakahesabu ni majarida gani yanatajwa sana. Hayo ndiyo wakanunua. Nikasema hilo nimelielewa, ni kama kuangalia njia ipi ya kisimani imekanyagwa zaidi. Ulicheka ukasema nitakuja kufundisha chuo.

Halafu ukanieleza habari za mtu mmoja wa Marekani aliyetengeneza orodha kubwa. Unachukua makala ya zamani, unaitafuta humo, unaona nani na nani waliitaja baadaye. Shida yake, ulisema, haikuwa kupima watu. Alitaka msomaji afuate wazo lilikopita, na kama mtu aliandika jambo bovu likagundulika, wengine wasiendelee kujenga juu yake bila kujua. Kauli hiyo iliniingia, Fortu. Niliendelea kuchambua mchele lakini iliniingia.

Baadaye, ulisema, watu wakaona kwa kuwa hesabu ipo, basi na majarida yapewe uzito. Halafu mtafiti mwenyewe naye akapewa namba yake. Ukaichora kwa kidole kwenye mchele. Mtu mwenye makala tano, kila moja imetajwa mara tano au zaidi, namba yake ni tano. Mwenye kumi zilizotajwa mara kumi kumi, namba yake kumi.

"Na aliyeandika moja tu, ikatajwa na dunia nzima?"

"Namba yake moja, mama."

"Moja."

"Moja. Ndiyo maana wanataka watu wa kuangalia, siyo kompyuta peke yake."

Nikakuuliza kwa nini wasiiache tu hiyo namba. Ukasema zamani kazi na fedha za utafiti walipata waliojuana na wakubwa, na hesabu ilimsaidia mtu wa mbali asiye na mjomba ofisini, kazi yake ikaonekana. Hilo nalikubali. Hata wewe usingefika ulipofika kama mtihani usingehesabiwa. Usije ukafikiri mama yako anachukia hesabu.

Lakini ukaongeza, na ulikuwa unapepeta, hukunitazama usoni: "Wapo wanaoicheza, mama. Kazi moja wanaikata vipande vitatu ionekane tatu. Wengine wanatajana wao kwa wao." Ukasema ukiwakuta utawaonea aibu. Mimi nilinyanyuka nikasema nakwenda kuangalia maharage. Maharage yalikuwa bado hata kuchemka.

Sasa nakuambia kwa nini nilinyanyuka.

Tulipokuwa tunakaa Mchombe, wewe ulikuwa na miaka minane, tisa hivi, walikuja watu wa utafiti wa malaria kutoka kituo cha hapa Ifakara mjini. Walichagua nyumba ishirini, na yetu ilikuwa namba kumi na moja. Marehemu baba yako alikuwa Kivukoni kwenye uvuvi, anarudi mara moja moja. Kazi yetu akina mama ilikuwa kila asubuhi kabla ya chai kukagua kuta, nyuma ya nguo zilizotundikwa, chini ya kitanda, na kukamata mbu waliotua kupumzika. Tulipewa mrija. Unaukumbuka, uliwahi kuuchezea nikakupiga. Kioo huku, mpira mrefu huku, mpira unautia mdomoni, unavuta pumzi, mbu anaingia kwenye kioo. Ndani kuna kipande cha chandarua asikufike kooni. Ukishampata unampulizia kwenye kikombe cha karatasi, unaandika namba ya nyumba na tarehe. Saa tatu anakuja Athumani, mfanyakazi wa kituo, na baiskeli kukusanya vikombe.

Niliipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kukueleza. Mtu wa darasa la saba, naandika tarehe kwenye kitu kinachokwenda maabara.

Basi baada ya miezi miwili wakabandika karatasi kwenye ofisi ya kijiji. Majina ya kina mama, aliyeleta mbu wengi juu, wa wachache chini. Nadhani walitaka kututia moyo tu. Lakini ilipobandikwa kila mtu alikwenda kusoma, hata wasiojua kusoma walisomewa. Mimi nilikuwa wa tisa. Wa mwisho kabisa alikuwa Mama Leokadia, jirani yetu wa nyuma, yule mwembamba aliyekuwa anakupa maandazi ya mchele. Athumani akawa anapita anamtania: "Mama Leokadia, leo mbu wangapi? Wawili? Hawa hawatoshi hata kucheza bao." Na sisi tulicheka. Mimi nilicheka sana.

Wiki iliyofuata nikaanza kupita nyuma ya nyumba yake alfajiri na mrija wangu shingoni, naingia kwenye zizi la mzee Masanja. Kwenye zizi la ng'ombe mbu ni kama pumba. Nilikuwa najaza kikombe kizima kabla jua halijatoka, narudi, naandika namba kumi na moja, tarehe ya leo. Karatasi ya pili nilikuwa wa tatu. Ya tatu, wa kwanza, na nikabaki hapo hapo mpaka mwisho.

Siku moja daktari wa mbu alikuja mwenyewe, kijana mpole, akavua viatu mlangoni.

"Mama Fortu, hapa kwenu mna ng'ombe?"

"Hatuna, dokta."

"Maabara inasema mbu wako wana damu ya ng'ombe matumboni."

"Wanatembea," nikasema.

Alifikiri kidogo, akarudia, "Wanatembea," akaandika kwenye daftari. Niliona ameandika kwa furaha. Nilitaka kumwambia, nikaona karatasi ile ofisini na jina langu juu, nikamkaribisha chai.

Mwisho wa mwaka Mama Leokadia aliachishwa pamoja na wenzake wawili wa chini. Ilisemekana hawana bidii. Mimi nikapewa zawadi, kitenge na safari ya kuja kutembezwa kituoni hapa Ifakara, na ruhusa ya kuja na mtoto mmoja. Nilikuja na wewe. Walipotuonyesha chumba cha vitabu ulikaa chini sakafuni ukakataa kutoka, na yule mama wa maktaba akasema mwacheni, aje hata kila likizo. Mengine unayajua kuliko mimi. Shule, chuo, na baadaye kazi yako kwenye chumba kile kile. Kwa miaka yote hii nimekuwa namshukuru Mungu kwa chumba kile huku nakumbuka zizi. Ni shukrani ya kweli.

Bado kuna jingine, na ndilo zito zaidi.

Mama Leokadia hakuwa mvivu. Kwake hawakuwepo. Mtoto wake alikuwa amelazwa mara mbili kwa malaria, naye baada ya mara ya pili akakanda udongo na pumba za mpunga, akaziba uwazi wote ule kati ya ukuta na paa, nyumba nzima, kwa mikono yake, wiki mbili. Mbu wanapitia pale. Mimi niliona. Nilipoona Leokadia haugui tena nikaja kwetu nikafanya vile vile, na wewe homa zako zikapungua ukawa unakwenda shule kila siku. Ulikuwa umeshaachwa nyuma darasani. Mwaka ule ndipo ulipoinuka.

Daktari wa mbu alipopita tena akaona ukuta umezibwa. Akashika kwa kidole, akapenda sana. Akaniuliza nani alinifundisha.

Nikasema nimewaza mwenyewe.

Nyumba ya Mama Leokadia ilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Ningenyoosha mkono tu. Ningesema jina moja, yule kijana angekwenda, angeona kwa nini vikombe vyake vilikuwa na mbu wawili, na huenda huo ndio ungekuwa utafiti wenyewe. Sikusema.

Sasa umenielewa kwa nini kitabu chako cha chuo, kile ulichoandika kumaliza masomo, kilinichoma. Ulinifungulia ukurasa wa mbele ukanisomea, umesimama pale karibu na friji: namshukuru mama yangu, aliyeziba nyumba yetu kwa mikono yake, nikasoma bila homa. Nililia ukadhani ni furaha. Na ilikuwa furaha pia, usiniondolee hiyo.

Juzi nilikuaga nakwenda Mchombe kuchukua mchele. Nilimkuta Mama Leokadia anaanika mpunga kwenye turubai, amezeeka, meno yamepungua, lakini mdomo ni ule ule.

"Mama Fortu. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kukuona."

"Mimi au mchele wangu?"

Nikakaa kwenye ukingo wa turubai nikamwambia yote, zizi, ukuta, kila kitu, bila kumtazama. Alikuwa anageuza mpunga kwa mguu, taratibu. Nilipomaliza akasema, "La zizi nilijua."

"Ulijua?"

"Ulikuwa unapita dirishani kwangu kila alfajiri na mpira mdomoni. Nilidhani umeanza kuwanyonya ng'ombe wa watu."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningemwambia nani, na mimi mtu wa mbu wawili?" Akaokota punje zilizomwagika nje ya turubai. "Sikuumia kuachishwa, mama. Kilichoniuma, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini kwangu hawapo. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Nilikuwa nimefagia nikisema leo watakuja kuuliza."

Fortu, nimekaa na maneno hayo siku mbili.

La ukuta hakujua. Hapo ndipo nilipomwona anabadilika uso. Alikwenda ndani, nikafikiri ndiyo basi, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Akatoka na mfuko. "Huu umpe mtoto," akasema. "Mwambie mchele wa Mchombe haupikwi na maji mengi." Nikataka kulipa, akanitazama mpaka nikarudisha mkono. Mchele ulio kwenye begi lako ni huo. Mimi sikununua hata kilo.

Sikuandikii haya ili ufanye kazi yako kwa woga. Wewe una macho mazuri kuliko yangu. Mimi nilikuwa mama wa kuuliza umekuwa wa ngapi. Kila ukifunga shule, kabla hujatua hata begi, umekuwa wa ngapi. Mwaka ule uliposhika nafasi ya kumi na tisa sikuongea na wewe siku nzima, na nilikuja kujua baada ya miaka kwamba ulitumia muhula ule kumfundisha hesabu rafiki yako aliyekuwa anaumwa, akafaulu. Hukuniambia, na mimi sikuuliza. Nisamehe. Kwa hiyo mtu anayekuambia haya anaijua ile karatasi ya ofisi ya kijiji kwa upande wa juu na kwa upande wa kuibandika.

Ninachokiogopa nitakitaja mara moja. Naogopa siku moja utaletewa orodha mezani, na chini kabisa kuna mtu wa mbu wawili, na una haraka, na gari linakusubiri. Utafanya utakavyoona. Mimi nimekwisha sema.

Nina maombi mawili.

La kwanza. Umeniambia ile orodha kubwa ilitengenezwa ili jambo bovu lifuatwe lilikokwenda. Basi nifuate. Mwaka jana uliniambia makala ya kituo iliyotokana na Mchombe inatajwa mpaka nchi nisizozijua, ukafurahi, mimi nikatoka nje. Sijui mbu wangu waliingia humo au yule kijana aliwatoa. Huenda alikuwa na akili kuliko nilivyomdhania. Tafuta. Vikombe viliandikwa namba kumi na moja. Kama wamo, mwambie kwamba mbu wa nyumba ile hawakutembea, walibebwa. Mwambie jina langu, usinifiche. Nimeishi nikiogopa jambo hilo lisijulikane, na tangu juzi nalala vizuri, kwa hiyo sioni tena sababu ya kuogopa. Kama ataniuliza, namba yangu ya simu unayo.

Labda utanionea aibu. Uliposema utawaonea aibu wanaoicheza hesabu, nilijua siku hii itafika. Nionee aibu kama ilivyo haki yako, halafu nipigie simu Jumapili kama tulivyokubaliana.

La pili ni lile la shukrani zako. Kitabu cha chuo kimeshachapwa, hakibadiliki. Lakini wewe utaandika tena, nakujua. Ukifika pale mbele unaposhukuru watu, mimi nitoe kwenye ukuta. Niache kwenye mengine kama unaona ninafaa, kukubeba mgongoni mpaka zahanati, kukusubiri stendi, hayo nilifanya mwenyewe. Ukuta siyo wangu. Nilipokuwa naondoka juzi nilikuwa nimeshafika barabarani nikarudi kumuuliza jina lake, maana tangu ujana wetu tunamwita kwa jina la mtoto. Alishangaa. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

Anaitwa Perpetua. Liandike lote, lisikatwe.

Nakusikia unafungua geti. Naikunja barua hii naiweka ndani ya mfuko wa mchele, chini, ili usiikute kabla ya kupika mara ya kwanza.

Asante mwanangu kwa kukaa kwenye ile sakafu ukakataa kutoka.

Ni mimi mama yako,
nyumba namba kumi na moja